Kabla ya kusema "Huyu ni mvivu": maelezo juu ya tumbo na mwili mzima

 

Sisi makapita tuliombwa kuandika juu ya afya katika ukurasa huu. Kwanza tulifikiri kuandika juu ya malaria, kwa sababu kila mtu anaijua na kazi ingekuwa nyepesi. Lakini jambo moja lilitupata katika periode ya pili, likatubadilisha shauri. Tutaandika juu ya tumbo. Tunajua wengine watacheka. Wacheke kidogo, halafu wasome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe si la kuchekesha.

JAMBO LILILOTUPATA

Katika bweni la wadogo kuko mwanafunzi mmoja wa darasa la nane. Jina lake hatulitaji, lakini yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kueleza. Mwanzo wa mwaka, kengele ya asubuhi ikilia, wenzake wote wanaruka, yeye anabaki kitandani. Katika kazi ya mikono, wenzake wakilima mistari mitatu, yeye analima mmoja, halafu anakaa chini karibu na jembe lake. Darasani, saa nne ya asubuhi, kichwa kimelala juu ya kaye. Tukimwuliza, "Weye, uko na shida gani?" anajibu polepole, "Hapana shida, kapita. Ni nguvu tu haiko."

Sisi tulifanya nini? Tuliandika jina lake kwenye liste ya wavivu. Tumehesabu nyuma: tuliliandika mara 11. Kila mara alipewa adhabu: kuchota maji, kufagia uwanja, kupiga magoti mbele ya ofisi. Wenzake wakampa jina la "Mzee Kitanda". Na kulikuwa wengine waliosema kwa sauti ya chini, "Yule wamemuloga kwao, akili yake wameifunga." Basi wakaogopa kula naye kwenye sahani moja.

Siku moja ya Posho, akichota maji ya adhabu yetu, alianguka karibu na robine na ndoo ikamwagika. Tulimbeba mpaka kituo cha afya. Infirmie hakuuliza mengi. Alivuta chini kope ya jicho, akatazama viganja vya mikono. Vilikuwa vyeupe kama karatasi. Akapima damu: hemoglobini gramu 6,8, na mtoto wa miaka 14 anapaswa kuwa na 12 au zaidi. Akapima choo kwa mikroskopi: mayai ya minyoo ya safura, mengi sana. Akatugeukia sisi tuliombeba, akasema, "Ninyi mulikuwa munapiga mutu mwenye hana damu."

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tulimsumbua mwalimu wetu wa biolojia na infirmie mwenyewe kwa maswali. Hapa tunawaandikia yale tuliyoyaelewa.

TUMBO NI NINI KWA KWELI?

Wengi wetu tunafikiri tumbo ni mfuko tu. Unatia ugali, maharage na ndagala, mfuko unajaa, kesho unamwaga. Si vile. Toka mdomoni chakula kinashuka katika umio mpaka tumbo la chakula, halafu kinaingia katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa karibu mita 6 kwa mtu mzima, halafu utumbo mpana, wenye karibu mita 1 na nusu. Ndani, utumbo mwembamba si laini kama bomba. Una mikunjo, na juu ya mikunjo kuko vidole vidogo sana visivyohesabika. Kama ungeweza kuukunjua wote na kuutandika chini, ungefunika karibu mita za mraba 30. Hiyo ni sawa na sakafu ya darasa dogo.

Kwa nini Mwumbaji aliweka darasa zima ndani ya tumbo la mtu? Kwa sababu hapo ndipo mlango wa mwili ulipo. Chakula kilicho ndani ya utumbo bado hakijaingia katika mwili kwa kweli. Ni kama mzigo uliofika mpakani na unangojea. Kinapita ukutani tu kwa ruhusa, kidogo kidogo, na kuingia katika damu. Kitu kizuri kinachohitajiwa na ubongo, na misuli, na mifupa, kinapita mlango huo. Na adui pia wanapenda kupita hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya askari wa mwili, yaani chembe zinazopigana na magonjwa, zimepiga kambi kando ya utumbo.

Kumbe ukiona mtu mlango wake umeharibika, usishangae nyumba nzima ikiwa na njaa, hata kama sahani ilikuwa imejaa.

MNYOO WA SAFURA UNAVYOFANYA KAZI

Sasa turudi kwa mdogo wetu. Kwao ni katika mashamba ya mpunga, na toka utoto alifanya kazi bila viatu. Mnyoo wa safura ni mdogo, karibu sentimita 1 tu. Mayai yake yanatoka pamoja na choo cha mgonjwa. Kama choo kimeachwa juu ya udongo wenye joto na maji maji, mayai yanapasuka kwa siku moja au mbili, na baada ya siku chache nyingine vimelea vinakuwa tayari. Havingojei uvile. Vinangojea mguu.

Mtaalamu mmoja Mjerumani, Arthur Looss, aliyefanya kazi mjini Cairo, alilijua jambo hili kwa bahati mbaya mwishoni mwa miaka ya 1890. Tone la maji yenye vimelea hivyo lilimwangukia mkononi. Ngozi ikawasha. Baadaye akapima choo chake mwenyewe, akakuta mayai ya safura. Hivyo alielewa kwamba mnyoo huu unapita katika ngozi nzima, isiyo na kidonda. Toka ngozini unaingia katika damu, unafika mapafuni, unapanda kooni, unamezwa pamoja na mate, na ndipo unafika nyumbani kwake katika utumbo mwembamba. Hapo unauma ukuta na kunywa damu.

Mnyoo mmoja unakunywa kidogo sana. Kuko aina mbili kubwa. Mmoja wa aina ndogo anapoteza damu karibu mililita 0,03 kwa siku, na wa aina kubwa karibu mililita 0,15 mpaka 0,2. Lakini fanyeni hesabu. Minyoo 100 ya aina kubwa ni mililita 15 mpaka 20 kila siku, Siku ya Bwana ikiwa ndani, bila likizo. Minyoo hiyo inaweza kuishi mwaka mmoja, miwili, na zaidi. Damu ikienda, chuma kinaenda pamoja nayo. Chuma kikiisha, hemoglobini inapungua, na hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni.

Na nani anakula oksijeni nyingi? Ni ubongo. Uzito wake ni karibu sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini unatumia karibu 20 katika 100 za nguvu yote tukiwa tumepumzika. Basi mwili ukikosa oksijeni, mtu anachoka upesi, moyo unapiga mbio akipanda ngazi, kichwa kinazunguka, mafundisho hayaingii. Mwalimu anaona kichwa juu ya kaye. Kapita anaona mvivu. Ugonjwa wenyewe uko chini ya shati, na hakuna anayeuona.

WENGINE WALIKOSEA MBELE YETU

Tulifikiri ni sisi tu tuliofanya kosa hili. Mwalimu wetu akatuonyesha kwamba hata nchi kubwa ililifanya.

Huko Marekani, katika majimbo ya kusini, watu wa mashambani walikuwa wakichekwa miaka mingi. Waliitwa wavivu, wajinga, watu wa kulala. Mwaka 1902 mtaalamu wa wanyama, Charles Wardell Stiles, alionyesha kwamba wengi wao walikuwa na safura. Magazeti yalimfanyia mchezo, yakasema amevumbua kijidudu cha uvivu. Lakini mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 kwa kazi ya kupigana na mnyoo huo katika majimbo 11. Waganga walipopima watoto wa umri wa shule, walikuta karibu 40 katika kila 100 wana mnyoo. Watu walipewa dawa, na wakafundishwa kuchimba vyoo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, mwanauchumi Hoyt Bleakley alichunguza maandiko ya zamani. Akaona kwamba pale penye mnyoo mwingi zaidi, ndipo watoto waliongezeka zaidi shuleni baada ya kazi ile, na kusoma na kuandika kukaongezeka pia.

Karibu na sisi, huko Kenya, katika wilaya ya Busia, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuata shule 75 kuanzia mwaka 1998. Shule zilizopewa dawa ya minyoo zilipunguza utoro kwa karibu robo moja. Hata watoto wa jirani ambao hawakumeza dawa walipata faida, maana udongo ulikuwa na mayai machache zaidi. Lakini tuseme ukweli wote: pointi za mitihani hazikupanda kwa ajili ya dawa ile. Dawa ya minyoo haifundishi hesabu. Inamrudisha mtoto kwenye banki, na kazi ya hesabu inabaki kwake na kwa mwalimu.

KUKO WAPANGAJI WAZURI PIA

Tusifikiri kwamba kila kitu chenye uhai tumboni ni adui. Katika utumbo, zaidi katika utumbo mpana, wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho, wanaoitwa bakteria. Wataalamu waliofanya hesabu mwaka 2016 walisema mtu mzima anao karibu trilioni 38, yaani 38 na ziro 12 nyuma yake. Hesabu hiyo ni karibu sawa na chembe za mwili wake mwenyewe. Wote pamoja wana uzito wa karibu gramu 200 tu.

Wapangaji hawa wanalipa kodi. Wanatengeneza vitamini K. Wanajaza nafasi, hata adui akifika anakuta viti vyote vimekaliwa. Na wanakula yale ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuyasaga, yaani nyuzinyuzi za majani, maharage na matunda. Wakizila, wanatoa asidi nyepesi ambazo ni chakula cha ukuta wa utumbo mpana.

Hapa tunataka kuwaambia neno wale wanaodharau sombe. Kuko wanafunzi wakiona sombe, lengalenga au matembele kwenye sahani wanasema, "Haya ni majani ya mbuzi, sisi tunataka mkate na soda." Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alifanya kazi miaka mingi huko Uganda. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa haba kwa wanavijiji wanaokula majani, kunde na nafaka nzima. Halafu mwaka 2015 watafiti walitangaza jaribio moja. Watu 20 weusi wa Marekani na watu 20 wa vijijini Afrika ya Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi, dalili za hatari katika utumbo zilipungua. Waafrika walipokula nyama na mafuta mengi ya Kimarekani, zikapanda. Wiki mbili tu! Basi mama zetu wa jikoni wakituletea sombe na maharage, tuwashukuru. Wanalisha watu wawili: sisi na wapangaji wetu.

Neno lingine ni juu ya antibiotiki. Wengi wetu tukiumwa tumbo kidogo tunakimbia barabarani kununua ampisilini au tetrasiklini mbili tatu, za kuhesabu. Dawa hiyo haichagui. Inaua adui na wapangaji wazuri pamoja, na adui anayebaki anajifunza kuishinda. Mara nyingi kuhara kunahitaji maji kwanza. Kama paketi ya ORS haiko, chukua litre 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa anywe kidogo kidogo. Sukari inafungulia chumvi mlango wa utumbo, na maji yanafuata chumvi. Lakini kuhara kama maji ya mchele, au kuhara damu, si jambo la kutibia bwenini. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunaijua kolera. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya saa ile ile, na ORS anywe njiani.

KICHWA NA TUMBO VINASEMEZANA

Nani kati ya wafinalisti hakukimbia chooni asubuhi ya egzamen? Tusidanganyane. Hata wale wanaotembea kifua mbele, tuliwakuta kwenye foleni.

Sababu yake iko. Katika ukuta wa njia ya chakula kuko chembe za neva zaidi ya milioni 100. Na kuko neva ndefu, vagusi, inayoshuka toka kichwani mpaka tumboni. Katika nyuzi zake, nyingi zaidi zinapeleka habari juu, toka tumboni kwenda kichwani, kuliko zinazoleta amri chini. Tena karibu 90 katika 100 za serotonini ya mwili, ambayo ni moja ya kemikali za kupeleka habari, zinatengenezwa katika utumbo. Hiyo ya utumboni haiingii yenyewe katika ubongo. Kazi yake kubwa ni kusukuma chakula na kuamsha neva. Lakini kwa njia ya neva, ya damu na ya askari wa mwili, tumbo na kichwa havinyamaziani hata siku moja.

Jambo hili lilionekana kwa macho zamani. Mwaka 1822, huko Marekani, kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya. Akapona, lakini tundu halikufunga. Daktari William Beaumont alitazama ndani ya tumbo lake miaka kadhaa, na mwaka 1833 akatoa kitabu. Aliona kwamba kijana akikasirika au akiogopa, ukuta wa tumbo ulibadilika rangi na kazi ya kusaga chakula ikaharibika. Kwa hiyo mwanafunzi anayetukanwa kila siku, au anayeogopa kila usiku, hata chakula chake hakimfai sawasawa. Sisi makapita tulilisoma neno hili mara mbili.

Lakini tusizidishe upande mwingine. Wengi wanasema, "Mi niko na gastrite sababu ya mawazo na pilipili." Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kikombe chenye bakteria inayoitwa Helikobakta pilori, apate kuonyesha kwamba ndiyo inayoleta uvimbe wa tumbo. Kwa kweli aliugua. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel. Vidonda vingi vya tumbo vinatokana na bakteria hiyo, na vingine vinatokana na vidonge vya maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, vinavyomezwa ovyo. Basi anayeumwa tumbo siku nyingi aende kupimwa, asikae kulaumu pilipili.

NA MAOMBI JE?

Wengine walituuliza, "Kwa hiyo munasema kuomba haina kazi?" Hatukusema hivyo. Tuliomba kwa ajili ya mdogo wetu, na tunaendelea. Lakini kumwombea mtu huku tunamwita aliyelogwa, na kukataa kula naye, hakumsaidii. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli waliagizwa kuchukua kitu cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, na kufunika choo chao. Mnyoo wa safura usingependa sheria ile. Na mtume Paulo hakuona haya kumwandikia Timotheo juu ya tumbo lake. Basi sisi nasi tusione haya.

MAMBO TUNAYOYAOMBA

1. Mtu asiende chooni wala shambani bila viatu. Kandambili chooni, bote shambani, kama ziko. Mwenye jozi mbili amkumbuke asiye na hata moja.

2. Choo kifanyike ndani ya choo. Tunajua ule mgomba nyuma ya uwanja wa mpira, na tunajua wanaoutembelea. Usiku ukiogopa, amsha rafiki mwende pamoja.

3. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula. Kama sabuni haiko, majivu yanafaa. Tumefunga bidoni mbili zenye kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Zamu ya kuzijaza imebandikwa mlangoni.

4. Matunda na mboga mbichi zioshwe kwa maji safi. Mnyoo mkubwa, askarisi, unaofika sentimita 15 mpaka 35, hauingii kwa mguu bali kwa mdomo. Jike lake linaweza kutaga mayai 200 000 kwa siku, na mayai hayo yanadumu katika udongo miaka.

5. Dawa ya minyoo ikiletwa shuleni, wote wameze, hata anayejiona mzima. Kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400 kinatosha kwa zamu moja. Lakini hakizuii kupata minyoo mipya, kwa hiyo namba 1 mpaka 4 zinabaki.

6. Anayepewa vidonge vya chuma asivimeze pamoja na chai. Chai inazuia chuma kupita. Chungwa au pera linakisaidia.

7. Waalimu wetu, kwa heshima yote tunawaomba: mwanafunzi akilala darasani mara tatu, kabla ya adhabu tazameni macho yake na viganja vyake.

MWISHO

Mdogo wetu alimeza albendazoli, akapewa vidonge vya chuma kwa miezi mitatu. Wiki ya nne alianza kuamka na kengele. Sasa analima mistari miwili na nusu, na anagombea mpira kama wengine. Hakuwa wa kwanza darasani. Periode ya pili ilikuwa imekwisha kuharibika, na pointi zile hazitarudi. Itamlazimu ajikaze sana asirudie mwaka. Hilo ni deni letu.

Tulikwenda kwake sisi makapita wote wanne, jioni baada ya etude, tukamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapana neno, yaya zangu. Lakini ile jina ya Mzee Kitanda, muiondoe." Basi tunaiondoa hapa mbele ya shule nzima. Yeyote atakayeitumia tena, jina lake yeye ndilo litaandikwa.

Na ile liste yetu tumeibadilisha. Zamani ilikuwa na nafasi mbili: jina na kosa. Sasa kuko nafasi ya tatu katikati, nayo inasema: "Umemwuliza kama ni mgonjwa?" Kapita asiyeijaza, liste yake haipokelewi ofisini. Mwaka ujao sisi hatutakuwa hapa. Tunawaachia ninyi mtakaotufuata nafasi ile, musiifute.

Kapita mkuu wa wanafunzi, finalisti wa Kemia-Biolojia, pamoja na makapita wenzake.